Rakuni amezaa darini: msikodi mtego kwanza

SWALI: Tumehamia Hamilton, Ontario, huku Kanada, na mwaka jana tulinunua nyumba ya zamani ya ghorofa moja juu. Tangu mwisho wa Aprili kuna kitu kizito kinatembea usiku juu ya chumba cha watoto, na wiki hii, katikati ya Mei, tumeanza kusikia vilio vyembamba. Jirani anasema ni rakuni, yule mnyama wa usiku wa Amerika mwenye weusi kuzunguka macho, tutupe mipira ya nafthalini atoke. Mume wangu anataka kukodi mtego wa kizimba, amkamate akamwachie msituni mbali na mji. Mimi sitaki mnyama ateswe, ila sitaki pia aendelee kukaa juu ya vichwa vya wanangu. Halafu nimegundua kitindamimba wetu anamwekea mkate kwenye ngazi za nyuma. Tufanyeje?

JIBU: Dada, hivyo vilio ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu. Ungeniandikia mwezi wa kumi ukasema unasikia mishindo tu, ningekujibu kwa mistari michache: wekeni mlango wa kutoka tu, yaani unaofunguka kwa nje pekee, asubiriwe atoke, tundu lizibwe. Lakini ni Mei, na kuna sauti ndogo. Huyo ni jike, amezaa humo, na watoto wake bado hawawezi kumfuata nje. Mwambie shemeji mtego ungoje.

Tuhakikishe kwanza kama jirani yuko sahihi. Kindi hushughulika mchana na mbio zake ni nyepesi. Panya hukwaruza usiku ndani ya kuta. Rakuni mzima ana kilo tano hadi kumi, na aliyejinenepesha kwa ajili ya baridi huzidi hapo, kwa hiyo hatua zake husikika moja moja. Hutoka giza likiingia na kurudi kabla ya mapambazuko, ingawa jike anayenyonyesha huweza kutoka hata mchana kutafuta chakula. Akionekana mchana msikimbilie kusema ana kichaa cha mbwa. Watoto hulia kwa sauti ya kutetema, katikati ya ndege na paka mchanga. Mishindo na vilio kwa pamoja, mwezi huu, karibu kila mara ni yeye.

Mchana zungukeni nyumba mkiwa chini, mtafute alipoingilia. Msipande paa, kuza tu picha kwa simu. Mahali pa kwanza pa kutazama ni pale paa la chini linapokutana na vibao vya chini ya ukingo wa paa la juu. Rakuni husimama juu ya lile la chini, anasukuma kibao kwa kichwa na mabega, kazi imekwisha. Baada ya hapo angalieni vifuniko vya plastiki vya matundu ya hewa ya paa, kisha dohani. Nafasi ya sentimita 10 inamtosha. Mtaona kingo zilizopakwa weusi wa mafuta ya manyoya, nywele zilizonasa, na pengine alama za miguu yenye vidole vitano kwenye bomba la kuteremshia maji ya mvua. Miguu yake ya nyuma hugeuka kuelekea nyuma, ndiyo maana anaweza kushuka ukuta au bomba kichwa kikitangulia. Kukata matawi yaliyolala juu ya paa ni vizuri, lakini nyumba ya matofali yeye anaipanda bila mti wowote.

Sasa huyo jike. Rakuni hupandana mwishoni mwa majira ya baridi, mimba huchukua takriban siku 63, na Ontario wengi huzaa kati ya mwisho wa Machi na Mei, kwa kawaida watoto watatu hadi watano. Huzaliwa macho yamefumba, hufumbua karibu wiki ya tatu, na huanza kumfuata mama usiku wakiwa na wiki nane hadi kumi. Dume hashiriki malezi. Zaidi ya hapo, dume mgeni huweza kuua watoto, na hilo lina umuhimu tutakapofika kwenye kumfukuza. Jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui ni kwamba jike huyu hategemei dari lenu peke yake. Katika eneo lake anazo nyumba nyingine anazozijua: shina la mti lenye uwazi, banda la mtu, chini ya baraza. Hamna haja ya kumtafutia pa kwenda. Mnachotakiwa ni kumfanya aone kwamba hapa pamekuwa pabaya, kisha kumpa usiku wake abebe watoto mmoja mmoja kwa kuwauma ngozi ya shingo.

Mtego unaharibu hesabu hiyo yote. Unamkamata mmoja, na wanaobaki wako chini ya sufi ya kuzuia baridi, gizani. Watalia, kisha watanyamaza, na siku chache baadaye dari la chumba cha watoto litaanza kutoa harufu na nzi. Hapo shemeji atalazimika kukata dari. Na huyo mama aliyeachwa msituni hajui maji yako wapi wala pa kujificha, na rakuni wenyeji wa pale hawamtaki. Wengi hufa barabarani wakijaribu kurudi.

Isitoshe, mpango wa msituni ni kosa kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Samaki na Wanyamapori ya Ontario ya mwaka 1997 inamruhusu mwenye nyumba kumfukuza au kumkamata mnyama anayeharibu mali yake, lakini aliyekamatwa mzima lazima aachiwe ndani ya saa 24, na si zaidi ya kilometa moja kutoka alipokamatiwa. Sumu hairuhusiwi kabisa. Watu hudhani kilometa moja ni urasimu mtupu. Ninyi mnaoishi Hamilton mna sababu ya kulielewa hili kuliko wengine: mwezi Desemba 2015 hapo mjini kwenu aligundulika rakuni mwenye kichaa cha mbwa, baada ya kupigana na mbwa wawili ndani ya gari. Aina ile ya kirusi ilikuwa haijaonekana Ontario tangu 2005, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha asili yake ni jimbo la New York, ng'ambo ya mpaka, mbali sana na mnyama huyu anakoweza kutembea kwa miguu yake. Inaaminika alisafiri kwenye gari. Baada yake waliugua mamia ya rakuni na vicheche wa hapa. Mnyama mmoja aliyehamishwa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, anaweza kufanya hayo.

Nafthalini nayo iacheni dukani. Mipira ile imetengenezwa kwa ajili ya sanduku la nguo lililofungwa. Ikitupwa darini, mvuke wake unashuka kwenye chumba wanacholala watoto wenu, na kutumia dawa ya wadudu kinyume na maelezo ya pakiti ni kosa hapa Kanada. Rakuni mwenyewe huisukuma kando. Vitambaa vya amonia ni vibaya zaidi, kwa sababu mama anaweza kukimbia harufu lakini watoto hawawezi, wanabaki wakiungua macho na mapafu. Pilipili ya unga na vile vifaa vya umeme vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu ni kupoteza pesa.

Njia ya kwanza halali na ya upole ni kusubiri. Kufikia katikati ya Julai hivi watoto watakuwa wanatembea na mama yao, na familia nzima itatoka. Mnaziba, mnasafisha. Kama dari halina doa la majimaji, hakuna harufu, na nyaya za umeme ziko salama, mimi singemlaumu anayechagua hivi; ndiyo njia yenye hatari ndogo kuliko zote kwa mnyama. Lakini rakuni ana tabia ya kuchagua sehemu moja ya choo na kuirudia kila siku. Kama sehemu hiyo iko juu ya vitanda vya watoto, nisingesubiri miezi miwili.

Njia ya pili mnaweza kuianza wenyewe, kesho. Fungueni kidogo kifuniko cha dari, bila kuingia, mweke taa kali ya LED, ya aina isiyopata moto, maana sufi na taa ya joto ni hatari. Wekeni pia redio kwenye kituo cha maongezi. Muziki huzoeleka haraka. Sauti za watu wanaozungumza humfanya ahisi kuna mtu jirani. Simu ya zamani inayopiga matangazo ya DW ya Kiswahili inatosha. Viache mchana na usiku, siku tatu nne mfululizo. Msizibe tundu lolote, na usiku msisimame nje na tochi kumtazama. Akiwaona atarudi ndani na kuahirisha. Mvua kubwa au baridi ya ghafla nayo humchelewesha, hapo mvumilieni usiku mmoja zaidi. Watoto walio wachanga sana huhamishwa kwa urahisi kuliko waliokwisha kuwa wazito, kwa hiyo mkianza leo ni bora kuliko kuanza Juni.

Nimesema bila kuingia, na nasisitiza. Mama mwenye watoto hana mzaha, na darini mtu hana pa kukimbilia. Kati ya mbao za dari hakuna sakafu. Ukikanyaga pembeni unatokea chumba cha chini. Na kwa kuwa nyumba yenu ni ya zamani, chunguzeni sufi yenyewe kwa macho tu kutoka kwenye kifuniko: ikiwa ni chembechembe za rangi ya kijivu na dhahabu, zinazong'aa kama kokoto ndogo, huenda ni vermikulaiti, na katika nyumba za kabla ya 1990 vermikulaiti huweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Hapo hata taa na redio msiweke. Fungeni kifuniko, mwite mtu mwenye vifaa.

Huyo mtu mwenye vifaa ndiye njia ya tatu, na ndiyo ninayoipendelea kama uwezo upo. Anaingia na glovu nene, mara nyingi na kamera ya joto, anawatafuta watoto wote, anawatoa kwa mkono na kuwaweka kwenye sanduku lenye joto linalofungwa nje, karibu na tundu. Juu ya tundu anafunga mlango wa springi unaofunguka kwa nje tu. Jike akisukuma anatoka, akitaka kurudi mlango umegoma, anawasikia watoto hapo pembeni, na anaanza kuwabeba kuelekea nyumba yake nyingine. Kwa kawaida kazi hiyo huisha ndani ya usiku mmoja au miwili. Baadhi ya mafundi hupaka karibu na tundu harufu ya rakuni dume, na sasa unajua kwa nini mama huihofia. Watoto wasipochukuliwa, fundi anatakiwa awapeleke kwa kituo chenye kibali cha kulea wanyamapori, asiwaache wafe kwenye sanduku.

Kuna kosa moja ambalo hufanya kazi nzima iwe majanga: kufunga mlango wa kutoka tu huku watoto bado wako ndani. Mama aliyefungiwa nje atarudi kwa watoto wake, na kama mlango haufunguki atapasua vigae vya paa, atang'oa vibao, atafanya tundu jipya. Watu humwita mkorofi. Kwa hiyo fundi yeyote mtakayempigia simu mwulizeni jambo moja kabla ya bei: utahakikishaje kwamba umewapata watoto wote? Akijibu kwamba yeye hukamata mkubwa na kuondoka naye, mshukuruni mkate simu. Akiwapa jibu zuri, mwulizeni kama anaziba nyumba nzima na kama kazi ina dhamana ya kuandikwa. Bei hutofautiana sana. Kwa dola mia chache utapata mlango na tundu moja, na kuzunguka paa lote huweza kupita elfu moja. Someni pia bima ya nyumba, maana mikataba mingi haigusi uharibifu wa wanyama wa aina hii, na mingine inalipa nusu nusu. Kwa wapangaji wanaosoma hapa: Ontario kazi hii ni ya mwenye nyumba, mwandikieni kwa maandishi.

Mkishaamini ametoka, msikimbilie kuziba. Sokoteni magazeti, mjaze tundu bila kulikaza, mngoje siku tatu za hali nzuri ya hewa. Rakuni aliye ndani atayasukuma nje usiku wa kwanza. Karatasi zikikaa, na wakati huo huo hakuna kilio, dari ni tupu. Sikilizeni kweli, kwa sababu watoto wachanga hawasukumi karatasi.

Kuziba ndiko kunakoamua kama mwaka ujao utaniandikia tena. Mikono ya rakuni ina hisia kali ajabu, anatafuta kwa kupapasa, anajaribu kila ukingo unaocheza. Mwaka 2016 jiji la Toronto lilianza kugawa mapipa mapya ya taka za jikoni yenye komeo la kuzungusha, lililobuniwa kwa ajili yake yeye, na haukupita muda mrefu zikaonekana picha za video za rakuni walioweza kuyaangusha na kuyafungua. Povu la kujazia nyufa analing'oa. Wavu wa kuku anaukunja. Plastiki ndiyo aliyoingilia mwanzo. Kinachomzuia ni wavu wa chuma wa kuchomelewa, uliopakwa zinki, wenye nyaya nene na matundu yasiyozidi inchi moja, unaofungwa kwa skrubu zenye washa zinazoshika mbao imara za ndani. Gundi na pini za stepla hazifai. Wavu upite ukingo wa tundu pande zote. Na msizibe lile tundu moja tu mkaona mmemaliza. Harufu ya mama imebaki pale, atarudi kujaribu, na akilikuta limefungwa atakwenda kwenye tundu la hewa lililo mita tatu pembeni. Kila tundu la hewa la paa lifunikwe kizimba cha wavu, kila kona ambapo paa mbili zinakutana iimarishwe, na dohani ivikwe kifuniko cha chuma baada ya kuhakikisha hakuna anayelala ndani yake. Matundu ya hewa yaendelee kupitisha hewa. Mkiyafunga kwa ubao dari litaoza kwa unyevu.

Usafi sasa, na hapa nakuomba usisome haraka. Rakuni wengi wana mnyoo wa utumbo uitwao Baylisascaris procyonis. Jike mmoja wa mnyoo huo hutaga zaidi ya mayai laki moja kwa siku, yanatoka na kinyesi, na baada ya wiki mbili hadi nne yanakuwa tayari kuambukiza, kisha hubaki hai kwa miaka. Mtu akiyameza, mabuu yanaweza kuingia kwenye ubongo au macho. Maambukizi ya namna hiyo ni nadra sana, lakini waliopatwa zaidi ni watoto wadogo, wale wanaotia kila kitu mdomoni. Jiki haiyaui mayai haya. Moto na maji yanayochemka ndivyo vinavyoyaua. Kinyesi kilichoko nje, kwenye baraza au chini ya mti, kinyunyizieni maji kwanza kisitimke vumbi, kiokoteni kwa koleo mkiwa na glovu na barakoa ya N95, kitieni kwenye mfuko ufungwe mara mbili, kisha mmwagie mahali pale maji yanayochemka. Kisikaushwe na kufagiwa kamwe. Darini huwezi kumwaga maji ya moto, kwa hiyo sufi iliyochafuliwa inatolewa yote na kubadilishwa, na kazi hiyo ningewaachia wenye mavazi na mashine zake. Hadi isafishwe, watoto wasichezee chini ya kifuniko cha dari.

Kuhusu kichaa cha mbwa, mambo ni machache. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya baada ya kuumwa hutolewa bure Ontario, na ikichelewa mpaka dalili zitokee hakuna tiba. Mkiona rakuni anayeyumba, anayeburura miguu ya nyuma au asiyewaogopa watu kabisa, waiteni huduma za wanyama za mji, msimkaribie. Mbwa na paka wenu lazima wawe wamechanjwa, hilo si hiari kwa sheria za hapa.

Na kitindamimba. Usimgombeze sana, mtoto aliyeona mgeni ana njaa amefanya alichofundishwa nyumbani. Ila mkate ukome leo, kwa sababu rakuni aliyezoea kulishwa kwenye ngazi zenu hatakuwa na sababu ya kuhamia mbali, taa na redio zote zikiwaka, na siku moja atanyoosha mkono kuuchukua mkate mkononi mwa mtoto. Ondoeni pia bakuli la paka nje na chakula cha ndege, na pipa litolewe asubuhi ya siku ya taka, lisilale nje usiku. Kama anataka kazi ya kuwasaidia rakuni mpe hii: katika misimu fulani serikali ya mkoa hutawanya chambo cha chanjo ya kichaa, vipande vidogo vya kijani kibichi cha jeshi vyenye harufu tamu ya peremende laini. Akikiona kimoja uani asikiguse, aje akuambie, nanyi mkiache kilipo kama hakiko njiani mwa watoto, ili mnyama akile.